Michezo ya Shule Huigiziwa Nani?

Mchezo wa kuigiza ambao haujapata kutazamwa na mzazi hata mmoja wa wale watoto wanaouigiza ni jambo la ajabu. Hata hivyo, ndiyo hali iliyozoeleka katika shule nyingi za nchi hii, na mimi nimeanza kuamini kwamba kasoro hiyo moja yaeleza udhaifu wa sanaa yetu ya jukwaani kuliko uhaba wa kumbi na uhaba wa fedha ambao tunausingizia kila mwaka.

Nimefikia kauli hiyo baada ya kuzungumza na waigizaji, walimu na wahakiki kadhaa, wengi wao katika wadi ya Mboghoni, kaunti ndogo ya Taveta. Msomaji asiyepajua huko na aelewe kwamba ni nchi ya migomba na mifereji, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako mlima Kilimanjaro huonekana alfajiri na kujificha mawinguni kabla ya mapumziko ya saa nne. Maji hugawanywa mashambani kwa zamu. Si mbali na migomba hiyo kuna mashamba makubwa ya mkonge, na swali la nani ana haki juu ya ardhi ipi huko Taveta halijapata kutulia tangu enzi za walowezi. Wataveta, Wataita, Wakamba, Wapare na Waluo hukutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili. Kwa ufupi, ni mahali penye kila kitu ambacho mtunzi wa tamthilia angekitamani. Lakini mchezo niliokuta ukifanyiwa mazoezi katika shule moja huko ulihusu familia ya tajiri wa Nairobi, na sehemu yake ya kwanza ilitokea ndani ya lifti. Watoto watatu kati ya wanane waliokuwa wakiigiza waliniambia kwamba hawajapata kupanda lifti.

Si kosa lao, wala si kosa la mwalimu wao. Mchezo wa shule siku hizi huzaliwa hivi. Muhula wa kwanza unapoanza, mwalimu wa drama hutafuta muswada. Shule yenye uwezo humlipa mtunzi anayejulikana, pengine na mwelekezi wa kuja kukaa na wanafunzi kwa majuma mawili. Shule isiyo na uwezo hurithi muswada uliokwisha kutupwa na shule nyingine. Watoto hukariri. Kisha huanza safari ya mashindano: kaunti ndogo, kaunti, eneo la Pwani, na hatimaye, kwa wateule wachache, tamasha ya kitaifa. Tamasha hizi ni kongwe, kwani zilianza mwaka 1959, na sitaki mtu adhani kwamba ninazibeza. Si haba waigizaji wetu waliolionja jukwaa humo kwa mara ya kwanza. Ila hesabu yake ni kali. Mchezo ukishindwa katika ngazi ya kwanza, basi umekufa siku hiyo hiyo. Maleba hutiwa guniani, mapazia hurudishwa kwa wenyewe, na wale waliokesha wakifanya mazoezi hurejea darasani wakiambiwa kwamba sasa wasome. Mzazi aliyechangia nauli ya basi, aliyeazima kanga na mkoba na fimbo ya marehemu babu, huletewa matokeo tu: tulikuwa wa tatu.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye katika mchezo ule alikuwa mama mjane, aliniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alisema kwamba watu waliopata kumwona akiigiza ni wa aina mbili tu: majaji, ambao macho yao yako kwenye karatasi, na wanafunzi wa shule pinzani, ambao humwombea asahau maneno. Hajapata kusimama mbele ya mtu anayemtakia heri. Kwa hiyo amejifunza kupaza sauti tangu neno la kwanza na kutoa machozi mapema, maana hadhira ya mahasimu usipoishika kwa nguvu itakuzomea. Nikatambua papo hapo kwa nini michezo yetu ya shule ina vilio vingi na minong'ono michache.

Nilimpelekea hoja hii mhadhiri mmoja wa Kiswahili ambaye ameketi kwenye meza ya majaji kwa miaka mingi. Hakuipenda. Alinijibu kwamba pasipo kombe hakuna mwalimu mkuu atakayetoa basi, wala bodi itakayoidhinisha fedha, na kwamba ushindani huu ninaoulaumu ndio uliohifadhi uigizaji vijijini kwa zaidi ya miaka sitini wakati ambapo serikali za kila namna hazikujenga ukumbi hata mmoja huko. Hilo nimelikubali, na ningemshauri yeyote anayetaka mashindano yafutwe alijibu kwanza. Lakini tulipogeukia uhakiki, mhadhiri yule alilegeza kamba. Jaji, alisema, hana budi kumtenga wa tatu na wa nne, na kwa sababu hiyo hutafuta vitu vinavyohesabika: sauti, mwendo, matumizi ya jukwaa, maleba. Baadaye husoma maoni yake kwa dakika chache, nao walimu huandika mbio mbio ili mwakani wasikatwe alama. Kama mchezo una lolote la kusema kuhusu maisha ya watu, au kama lisemwalo ni la kweli, hilo halina safu yake kwenye karatasi, au lina safu ndogo tu. Na huo ndio uhakiki pekee ambao mchezo wa mtoto wa Mboghoni utapata kuupokea, kwa kuwa sisi waandishi wa magazeti hatuendi huko ila pawe na kashfa.

Uko uigizaji wa pili unaofika shuleni, nao ni ule wa vikundi vya kusafiri vinavyoigiza vitabu teule. Wanafunzi wa juzi walitazama Kigogo ya Pauline Kea, ambayo ilitahiniwa hadi mwaka 2022. Waliowafuata wameletewa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Kila mwanafunzi hutoa ada yake, ukumbi wa maankuli hugeuzwa kuwa jukwaa, na kabla ya chakula cha mchana kitabu kizima kimekwisha. Mwigizaji mmoja wa vikundi hivyo alinieleza kwamba hadhira yake haina mfano duniani: hujua kila neno kabla hajalitamka, na akiruka sentensi humkumbusha kwa sauti. Ili wasisinzie, yeye na wenziwe huchomeka vichekesho vya Sheng. Ukumbi hulipuka kwa kicheko. Wakishaondoka, mwalimu husimama na kuwaonya wanafunzi kwamba kile walichokicheka hakimo kitabuni na asionekane mtu akikiandika katika KCSE. Hivyo basi sehemu pekee ya mchezo iliyotungwa kwa ajili ya wale waliokuwa wameketi mle ndani ndiyo wanayoamriwa kuisahau.

Niseme sasa juu ya muziki, kwa sababu mazungumzo yangu na vijana wa Mboghoni yaliniongoza huko bila mimi kutaka. Mvulana mmoja alikuwa ameketi kando ya mazoezi na ngoma yake magotini. Nikamwuliza mbona haingii. Akaniambia kwamba yeye si wa mchezo. Ni wa ngoma ya ubunifu, ambayo hushindanishwa peke yake, na wanaoimba kwaya wao wana tamasha yao ya muziki katika muhula wa pili. Kila kipaji na siku yake, kila siku na kombe lake. Nilipomweleza mhakiki mmoja wa Nairobi habari hiyo alicheka, akasema kwamba jijini watu wanahangaika kuviunganisha vile vile ambavyo shule zinavitenga.

Na ni kweli. Miaka hii ya karibuni tamthilia za muziki zimejaza kumbi za Nairobi kuliko tamthilia za mazungumzo matupu. Eric Wainaina alipeleka Mo Faya katika tamasha ya tamthilia za muziki ya New York mwaka 2009. Kundi la Nairobi Performing Arts Studio liliigiza Sarafina, ile kazi ya Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1987. Wako wahakiki wanaodai kwamba mtindo huu ni wa kuazima, kwamba tunakimbilia taa za Broadway. Mimi naona kinyume. Katika Kiswahili neno ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji wake, ni wimbo wake, na ni mkusanyiko wenyewe wa watu waliokuja. Na neno mchezo halijali kama unacheza kwa miguu au kwa maneno. Nenda Taita ukaitazame mwazindika ikipigwa, kisha uniambie ni wapi wimbo unapoishia na uigizaji unapoanzia. Kilichoazimwa ni ile desturi ya kumtaka mtu anene jukwaani kwa saa mbili pasipo hata kupiga makofi. Tatizo la tamthilia za muziki za Nairobi si asili yake. Ni kiingilio chake, na umbali wake na mtu wa Taveta.

Wasomaji walio walimu wameshajua ninaelekea wapi, maana hakuna awezaye kuzungumzia tamthilia, wimbo na kijiji nchini Kenya bila kufika Kamiriithu. Mwaka 1977, huko Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye viti vya watu wapatao elfu mbili. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwaandalia mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikikuyu. Muswada uliposomwa hadharani, wanakijiji waliusahihisha: mfanyakazi wa kiwandani alieleza jinsi kazi ya kiwandani inavyofanywa, wazee wakarekebisha nyimbo na methali. Mazoezi yenyewe yalifanywa mbele ya watu, kila apitaye akisema lake. Mchezo ulijaa nyimbo na ngoma, na katikati yake mlikuwa na mkulima mwenye hati ya shamba la ekari moja na nusu. Ulianza kuonyeshwa Oktoba, leseni ikafutwa Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, alikokaa hadi Desemba 1978. Walipojaribu tena na Maitũ Njugĩra, tamthilia ya muziki iliyokusanya nyimbo za jamii kadhaa za Kenya, Ukumbi wa Kitaifa uliwafungia milango Februari 1982. Mwezi uliofuata polisi wakalibomoa lile jukwaa la Limuru.

Historia hiyo hufundishwa kama historia ya ukandamizaji, na ndivyo ilivyo. Ila mimi huvutiwa zaidi na ile habari ya kusahihishwa. Mwenye mamlaka hakutishwa na maneno ya karatasini, kwa kuwa Ngũgĩ alikuwa ameshaandika mengine makali kwa Kiingereza na bado anafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alitishwa na hadhira iliyogeuka kuwa mhakiki. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirejea na kuigizwa katika Ukumbi wa Kitaifa ule ule wa Nairobi, kwa Kiingereza na kwa Kikikuyu, chini ya uelekezi wa Stuart Nash. Waliokwenda waliisifu, nami ninafurahi kwamba ilirudi. Lakini safari hii watazamaji walikata tiketi, wakaketi gizani, wakapiga makofi, wakaenda zao.

Tusidhani kwamba hofu ile imezikwa. Mwaka 2013 wasichana wa Butere walizuiwa kuigiza Shackles of Doom katika tamasha ya kitaifa hadi Okiya Omtatah, mwenyewe mtunzi wa tamthilia, alipokwenda mahakamani na ikaruhusiwa. Mwaka 2025 wasichana wa shule hiyo hiyo walikuja na Echoes of War, iliyotungwa na Cleophas Malala. Mahakama Kuu ya Kisii iliamuru waachwe waigize. Hata hivyo, Malala alikamatwa akiwa njiani kwenda kuonana nao, na asubuhi ya tarehe 10 Aprili huko Nakuru wasichana hao waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani bila kuigiza, huku polisi wakirusha vitoa machozi nje. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, hutaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ngũgĩ aliaga dunia tarehe 28 Mei mwaka huo huo, majuma saba tu baadaye.

Mwalimu wa drama niliyekutana naye Mboghoni alinieleza habari hii kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa sisi wawili tu chini ya mwembe. Yeye hutunga. Alikuwa na mchezo wake mwenyewe, kuhusu mtu anayeiba zamu ya maji ya jirani yake, nao alikuwa ameuweka kabatini baada ya mambo ya Nakuru. Nilistaajabu, maji ya mfereji na siasa za Nairobi wapi na wapi? Akaniambia kwamba mtu wa jiji ndiye awezaye kuuliza swali hilo. Penye maji pana kamati, penye kamati pana mwenyekiti, na mwenyekiti ana ndugu. Ndiyo maana shule yake ilichagua lifti. Lifti haina ndugu Mboghoni.

Nilimkumbusha majirani zetu wa ng'ambo ya Holili. Mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando na Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na vijana wa kijiji wakichunguza mambo yanayowasumbua, zikiwamo mimba za wasichana na vijana kukosa shughuli za kiuchumi. Wakayatia katika ngoma na maigizo ya pale pale, na baada ya onyesho kijiji kikaketi kujadili. Kuanzia mwaka 1996 wataalamu hao hao walianzisha Tuseme katika shule za sekondari za Tanzania: wasichana wenyewe hutaja matatizo yao, huyafanyia mchezo, na kuuonyesha mbele ya walimu na jamii inayohusika. Wala hakuna kombe. Mhakiki ni yule ambaye mchezo unamhusu, na hawezi kumpa mtu alama; anaweza tu kukubali, kukana au kukasirika.

Siku ya wazazi, mwalimu aliutoa mchezo wake kabatini. Haukuwa wa mashindano, kwa hiyo hakuuomba ruhusa ila ya mwalimu mkuu. Nilialikwa. Yule mvulana alileta ngoma, waimbaji wa kwaya wakawa ndio maji, wakiimba na kunyamaza kadiri mlango wa mfereji unavyofunguliwa na kuzibwa. Mwizi alikuja usiku, akinyata, kurunzi mkononi. Kabla hajafika kwenye mfereji, mzee mmoja alisimama katikati ya wazazi akasema kwamba huo ni uongo. Mwizi wa maji haji usiku. Huja mchana kweupe, jembe begani, akiwaamkia watu, na ndiyo maana hakamatwi. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, na wengine wakageuza shingo kumtazama bwana mmoja aliyekuwa ameketi karibu na lango. Mama mmoja naye akapinga kwamba katika mchezo kamati yote ni ya wanaume, ilhali kwenye mfereji wake mwenye kutunza daftari la zamu ni mwanamke. Mwalimu aliwataka watoto warudie. Yule msichana wa kidato cha tatu akapewa daftari. Safari hii hakupaza sauti. Alisoma majina ya zamu polepole, mmoja mmoja, na wazazi wakawa wanasogea mbele ili wasikie.

Mabishano ya maji yaliendelea hadi watu walipokuwa wakigawiwa chai, na naibu wa chifu alilazimika kusema maneno mawili matatu ya utulivu. Mwalimu mkuu, kwa kadiri nilivyomwona, hakujua afurahi au ahofu.

Sasa wanafunzi wamegawanyika. Msichana yule anataka mchezo huo uingizwe katika mashindano ya mwakani, hata kama utaishia kaunti ndogo. Mpiga ngoma hataki. Anasema kwamba wakienda kushindana wataambiwa wapunguze nyimbo, ngoma ipelekwe kwenye kundi lake, na mwizi arudishwe usiku, kwa sababu usiku majaji wanaona taa zimetumiwa vizuri. Mwalimu ameahirisha uamuzi hadi muhula ujao, na wakati huo amepokea maombi kutoka kwa wazazi wa kijiji jirani kwamba mchezo upelekwe kwao siku ya soko, nauli watatoa wao.